Barua ya wazi kwa mnaopanga huduma za afya na mnaosimamia kazi: maumivu ya mgongo na viungo hayawezi kuendelea kutibiwa kwa vidonge tu

Waheshimiwa mliopewa dhamana ya afya, nanyi mnaosimamia kazi na waajiri, salamu.

Kazi yangu mimi ni mazoezi tiba, wengine mnatuita watu wa fiziotherapia. Wanaokuja kwangu ni watu ambao mgongo umekaza hawawezi kuinama kufunga viatu, wengine bega haliinuki hata kuchana nywele ni kazi, wengine magoti yamevimba, wengine vidole vinakufa ganzi usiku wanaamka wanakung'uta mkono, na karibu wote wanafika wamechelewa. Wameshazunguka sana, wameshameza vidonge vya kila rangi, na wengi hawajawahi kupata mtu wa kukaa nao hata dakika 10 akawaeleza mwili wao una nini. Simlaumu daktari mwenye foleni ya watu mlangoni wanaomsubiri. Huduma imepangwa hivyo, na waliopanga ni nyinyi, ndo maana naandika kwenu na naandika hadharani.

Naanza na ukubwa wa jambo manake nadhani hapo ndo tunapopishana. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema watu wapatao bilioni 1.71 duniani wanaishi na tatizo fulani la misuli, mifupa au viungo. Maumivu ya mgongo wa chini peke yake, haya ya kiunoni, mwaka 2020 yalikuwa yanawasumbua watu milioni 619 na inakadiriwa ikifika 2050 watakuwa milioni 843. Sasa mipango mingi ya afya inapangwa kwa kuhesabu vifo, na mgongo hauui, goti haliui, mtu mwenye bega lililoganda ataishi miaka yake yote tu, ila ataishi hawezi kumbeba mtoto, hawezi kulalia ubavu ule, hawezi kurudi kwenye kazi pekee aliyoijua, na hayo yote hayaonekani kwenye takwimu za vifo kwa hiyo na kwenye bajeti hayaonekani. Mwaka 2000 kule Geneva ulizinduliwa muongo mzima wa kimataifa wa mifupa na viungo, ukaenda mpaka 2010 ukaisha. Na bado leo WHO wenyewe wanasema kwenye nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati wataalamu wa utengamao, yani wa kumrudishia mtu uwezo wa mwili wake, sisi tukiwemo, hawafiki 10 kwa kila watu milioni moja. Milioni moja jamani.

Sasa tuje kwenye mgongo wenyewe, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo unaojaza foleni.

Mtu anainua kitu, au hata hajainua chochote ameamka tu asubuhi, kiuno kimekaza, kugeuka hawezi. Anaenda kituoni anapewa dawa ya maumivu, diklofenaki, anaambiwa akapumzike kitandani wiki. Haijaisha, anatumwa akapige picha, eksirei au kama ana uwezo MRI, majibu yanakuja yameandikwa pingili zimesagika, disiki, ule mto ulio kati ya pingili, imetokeza, na kuanzia siku hiyo mtu yule anajiona mgongo wake umekufa. Anaacha kuinama, anaacha kutembea umbali, anaogopa kubeba hata ndoo ndogo, misuli inalegea, usingizi unakimbia, na maumivu ambayo yangekwisha ndani ya wiki chache yanageuka kuwa ya miaka. Hii safari nimeiona kwa watu wengi mno na kinachoniuma ni kwamba karibu kila hatua yake ingeweza kwenda tofauti.

Kwa sababu ukweli unajulikana. Karibu asilimia 90 ya maumivu ya kiuno hayana jeraha wala ugonjwa maalumu unaoweza kuuonyesha kwa kidole kwenye picha, ni misuli, maungio na neva, yani mishipa ya fahamu, vimekereka, na mengi yanapungua yenyewe ndani ya wiki chache mtu akiendelea kujongea. Picha nayo inadanganya wasioijua. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za watu wasioumwa mgongo kabisa, wakakuta wa miaka 20 asilimia 37 disiki zao zimeshaanza kuchakaa, na wa miaka 80 ni asilimia 96, yani karibu wote, na hawaumwi! Kwa hiyo kumwambia mtu wa miaka 45 kwamba disiki imechakaa bila kumwambia kwamba wenzake wengi wasioumwa wako hivyohivyo ni kumtia hofu bure. Na kulala kitandani, utafiti wa Finland wa mwaka 1995 uliwalinganisha walioambiwa walale, waliopewa mazoezi maalumu na walioambiwa waendelee na shughuli zao za kawaida kadiri wanavyoweza, na waliopona haraka ni wale walioendelea na maisha yao. Ni zaidi ya miaka 25 hiyo na ushauri wa kulala wiki nzima bado unatolewa.

Hata maumivu yale yanayotoka matakoni yakashuka nyuma ya paja mpaka chini ya goti, yenye vichomi na ganzi, ambayo mara nyingi ni disiki iliyotokeza ikakereketa neva, wengi wanapata nafuu bila kupasuliwa, na ile disiki yenyewe mara nyingi inanywea taratibu. Mgonjwa akiambiwa hivyo mapema anatulia, na mtu aliyetulia anafanya mazoezi.

Desemba 2023 WHO walitoa mwongozo wao wa kwanza wa maumivu sugu ya mgongo wa chini, yale yaliyozidi miezi 3. Wanashauri elimu kwa mgonjwa, mazoezi yaliyopangwa, tiba za mikono kama masaji, msaada wa kisaikolojia, na dawa za aina ya ibuprofeni pale inapofaa. Wanasema pia vya kutotumia kama kawaida, mikanda ya kiuno imo, kuvutwa kwa mashine imo, na dawa za kundi la afyuni kama morfini na tramadoli zimo. Naomba mlinganishe orodha hiyo na mnachonunua. Mazoezi hayana mtu, elimu haina muda, lakini mikanda ya kiuno iko na tramadoli iko.

Lakini nisieleweke kwamba kila mgongo ni wa kuambiwa tembea utapona, hapana, na hili nataka mtu wa mapokezi kabisa alijue. Ukiona mtu ana maumivu ya mgongo halafu sehemu za siri na kati ya mapaja, pale panapogusa tandiko mtu akipanda baiskeli, pamekufa ganzi, au mkojo umeziba hautoki, au mkojo na choo vinatoka bila yeye kujijua, au miguu inazidi kuishiwa nguvu, hapo neva za chini ya uti wa mgongo zinabanwa na anatakiwa hospitali ya upasuaji leo, ni mambo ya saa, ukimpa vidonge arudi wiki ijayo anaweza asidhibiti mkojo tena maisha yake yote. Vilevile mgongo wenye homa na kutoka jasho usiku, au kupungua uzito bila sababu, au mtu aliyewahi kuugua saratani, au maumivu yasiyopoa hata akilala, au aliyeanguka vibaya, au mzee aliyekunywa steroidi, zile dawa kali za kupunguza uvimbe, muda mrefu, hao ndo wa kupigwa picha haraka, kunaweza kuwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo, usaha, uvimbe au pingili iliyovunjika. Tunachofanya sasa ni kinyume, mashine zimejaa wasiohitaji picha na hawa wanakaa kwenye foleni nyuma yao.

Kosa lingine kubwa ni kuviweka viungo vyote kwenye kapu moja. Mtu akisema viungo vinauma jibu ni uzee, au baridi, basi. Kumbe kuna maswali mawili matatu ambayo hata mtu wa ngazi ya chini kabisa akifundishwa anaweza kuyauliza akaokoa mikono ya mtu. Asubuhi viungo vinakaza kwa muda gani? Kama ni dakika chache akianza kutembea vinalainika, na maumivu yanazidi akitumia kiungo na kupungua akipumzika, mara nyingi ni kuchakaa kwa kiungo, gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, imekonda na kiungo kizima kimebadilika. Kama vinakaza zaidi ya nusu saa, saa nzima, na vimevimba, na ni viungo vidogo vya vidole na viganja pande zote mbili, na anajisikia amechoka mwili mzima, hapo fikiria baridi yabisi yenyewe, ambapo kinga ya mwili inashambulia utando wa ndani wa viungo. Huyu wa pili si lazima awe mzee, anaweza kuwa na miaka 30, mara nyingi ni mwanamke, na kila mwezi unaopita bila tiba sahihi viungo vinaliwa na havirudi. Watoto nao wanapata, mtoto anayechechemea asubuhi halafu mchana anacheza msimpuuze.

Tiba yake ipo na ni ya siku nyingi, inaitwa methotrekseti, inapunguza ugonjwa wenyewe na siyo maumivu tu, na miezi ile ya mwanzo ndo inafanya kazi vizuri zaidi. Inanywewa mara MOJA kwa wiki pamoja na foliki asidi, damu inapimwa kuangalia ini na chembe za damu, na mjamzito hapewi. Naandika mara moja kwa herufi kubwa kwa sababu ikinywewa kila siku kwa makosa inaua, kwa hiyo mnapoisambaza pelekeni pamoja na mafunzo na lebo inayosomeka kwa lugha ya mgonjwa. Lakini isambazeni. Nimeshakutana na mwanamke kijana vidole vimeshapinda upande, amekunywa dawa za maumivu miaka, jina la hiyo dawa hajawahi kulisikia. Mikono ile siwezi kuinyoosha mimi wala mwenzangu yeyote wa mazoezi.

Gauti, au jongo, sitakaa nayo sana. Inashika ghafla, mara nyingi usiku, kidole gumba cha mguu kinavimba kinakuwa chekundu cha moto hata shuka likigusa mtu anapiga kelele, sababu ni asidi ya yuriki imezidi kwenye damu ikatengeneza chembe ngumu ndani ya kiungo. Shambulio linatulizwa kwa kolchisini au dawa za aina ya ibuprofeni kama figo na tumbo viko salama, ila anayeshambuliwa mara kwa mara anahitaji alopurinoli kila siku kwa muda mrefu, ianze dozi ndogo ipandishwe mpaka yuriki ishuke chini ya 360 kwenye kipimo cha maikromoli. Wengi wanapewa ya kutuliza tu, hii ya kila siku inasahauliwa. Na wanabebeshwa lawama kwamba wamejitakia kwa kula na kunywa, wakati figo, urithi na baadhi ya dawa za presha zinachangia sana.

Magoti sasa. Goti lililochakaa halina dawa ya kulirudisha upya, ila lina mengi ya kufanyiwa na karibu yote hayahitaji mashine. Misuli ya mbele ya paja ikiwa na nguvu goti linabebwa, maumivu yanapungua, mtu anapanda ngazi. Uzito nao, kila kilo moja anayopungua mtu inaliondolea goti mzigo wa karibu kilo 4 kwa kila hatua, sasa piga hesabu hatua za siku nzima. Mwaka 2002 Marekani walifanya jaribio, wagonjwa wa goti lililochakaa wengine wakasafishwa goti kwa kamera kweli, wengine wakachanjwa ngozi tu wakashonwa bila kufanyiwa kitu ndani, na baadaye hawakutofautiana. Hela zinazokwenda kwenye kusafisha magoti ya namna hiyo zingeweza kulipa watu wa mazoezi na zikabaki kwa ajili ya wale ambao goti au nyonga imeisha kabisa na kweli wanahitaji kuwekewa kiungo bandia, manake hao nao wanasubiri mpaka wanaacha kutembea.

Na mifupa inayokonda kimyakimya, hasa wanawake waliokoma hedhi, haisemi chochote mpaka mtu ateleze kidogo tu avunjike kifundo cha mkono au nyonga. Anawekwa plasta anarudi nyumbani bila mtu kuuliza kwa nini mfupa umevunjika kwa anguko dogo namna hii. Kuvunjika huko kwa kwanza kungekuwa ndo siku ya kuanza dawa ya kuimarisha mifupa kama alendronati, kuangalia macho yake, kufundishwa mazoezi ya kujiimarisha asianguke tena. Wodi za mifupa mnazo, kinachokosekana ni mtu mmoja pale wa kulifuatilia hilo.

Nageukia kwenu mnaosimamia kazi, kwa sababu sehemu kubwa ya hawa wagonjwa wanatengenezwa kazini halafu wanaletwa kwetu.

Si jambo jipya. Daktari wa Italia Bernardino Ramazzini mwaka 1713 aliandika kuhusu makarani, akasema wanaumia kwa sababu tatu, kukaa muda wote, mkono kurudia mwendo uleule, na akili kukazwa isikosee. Weka kompyuta mahali pa kalamu na hujabadilisha neno. Yeye ndo alisema pia daktari aongeze swali moja kwa mgonjwa, unafanya kazi gani? Zaidi ya miaka 300 na kwenye mafaili mengi ninayopokea hilo swali halijaulizwa, mtu ameandikwa umri, presha, uzito, basi, wakati kumbe anashona siku nzima au anaendesha lori lenye kiti kinachotikisa mgongo tangu alfajiri.

Ganzi ya vidole, chukueni hiyo. Kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, inazidi usiku, vitu vinadondoka mkononi, ni neva inayopita kwenye njia nyembamba ya kiganja inabanwa. Ujauzito unaweza kuileta, kisukari, tezi ya shingoni isiyofanya kazi vizuri, na pia kazi ya kukamata kwa nguvu, kurudiarudia na mashine zinazotetemesha mkono. Ikikamatwa mapema kifaa cha kunyoosha kifundo cha mkono kinachovaliwa usiku kinasaidia wengi, wengine sindano, na ikiwa imezidi operesheni ndogo inafungua njia. Ikichelewa msuli wa chini ya kidole gumba unakonda na haurudi. Shirika la Kazi Duniani, ILO, kwenye orodha yao ya magonjwa yatokanayo na kazi ya mwaka 2010 wameitaja hiyo, wametaja kano za kidole gumba zinazovimba, kiwiko kinachouma upande wa nje, goti la mtu anayepiga magoti kazini. Kwa hiyo mfanyakazi akija na hayo akaambiwa ni mambo yako ya nyumbani, anadhulumiwa. Mwaka 2022 mazingira salama na yenye afya kazini yaliingizwa kwenye haki za msingi za kazi za ILO. Naomba fomu zenu za fidia ziendane na hilo, manake nyingi ukizisoma zinajua kukatika kidole na kuanguka kutoka juu, haya ya polepole hazina hata mstari.

Kubeba mizigo vilevile. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, kwenye hesabu yao ya kunyanyua wanaanza na kilo 23, na hizo ni kwa hali nzuri kabisa, mzigo uko karibu na mwili, usawa wa kiuno, hujipindi, una pa kushika, na hunyanyui mfululizo. Hali ikiharibika kilo zinashuka. Sasa mtu anayebeba mifuko ya kilo 50 kutoka chini, anageuka nayo, siku nzima, analipwa kwa idadi ya mifuko, huyo akiumwa mgongo mnasema alibeba vibaya? Tafiti zilizokusanywa zimeonyesha kwamba kuwafundisha watu namna ya kunyanyua peke yake hakuzuii maumivu ya mgongo. Kinachoupunguzia mgongo mzigo ni kupunguza uzito wa mfuko wenyewe, kuleta toroli, kuinua meza, kuzungusha watu kwenye kazi, kuwapa vipindi vya kupumzika. Na wauguzi, hawa wanaotibu wengine, wanamgeuza mgonjwa mzito kitandani wakiwa wawili au hata mmoja, vifaa vya kuinulia wagonjwa hakuna, halafu tunashangaa wanaacha kazi na migongo imeisha.

Kwa wa ofisini nasema kidogo tu, msihangaike kutafuta kiti cha ajabu na mkao mmoja mtakatifu, hakuna, mwili unataka kubadilishwa mkao, acheni watu wainuke. Na ondoeni hofu kazini. Mtu mwenye stresi, asiyelala, anayejua akisema anaumwa atapoteza kazi, maumivu yake yanakaa muda mrefu zaidi, na hayo ni maumivu ya kweli, mfumo wa neva unakuwa mwepesi wa kuuma. Bosi anayemruhusu arudi kwa kazi nyepesi wiki mbili tatu anamtibu kuliko anayemwambia ukae nyumbani mpaka upone kabisa, manake akikaa nyumbani miezi mingi kurudi kunakuwa kugumu sana.

Kuna jambo la dawa nisipolisema nitakuwa sijawatendea haki wagonjwa wangu. Diklofenaki na wenzake zinauzwa kama pipi, watu wanakunywa miezi na miaka, na zinatoboa tumbo, zinaumiza figo, zinapandisha presha, kwa wenye moyo mbovu ni hatari zaidi. Wakati huohuo parasetamo peke yake, jaribio kubwa la Australia la mwaka 2014 lilionyesha kwa maumivu mapya ya mgongo haikumponya mtu haraka kuliko kidonge kisicho na dawa. Na mbaya kuliko zote ni hizi dawa za mchanganyiko zinazouzwa kama za asili zinazoondoa maumivu siku hiyohiyo, sehemu nyingi duniani zikipimwa zimekutwa na steroidi ndani, deksamethasoni au predinisoloni. Mtu anaona muujiza, anaendelea, sukari inapanda, uso unavimba, mifupa inakonda, mfupa wa nyonga unaweza kufa, na akiacha ghafla anaweza kuzimia manake mwili umeacha kutengeneza steroidi zake wenyewe. Pimeni hizo bidhaa, zifuatilieni, watu hawajui wanachokunywa.

Ninachoomba basi. Kwanza wekeni mtu wa mazoezi tiba kwenye kituo cha ngazi ya chini kabisa, ambapo mtu mwenye mgongo au goti atamwona moja kwa moja bila kupitia milango minne, na bima zilipe hiyo huduma kama zinavyolipa picha na sindano. Mkiwa hamna wa kutosha sasa hivi, fundisheni wauguzi na wahudumu wa jamii mambo machache tu, yale maswali ya asubuhi, zile dalili za hatari za mgongo zibandikwe ukutani, na mazoezi manne matano ya kuanzia. Faili la kila mgonjwa liwe na mstari wa kazi anayofanya. Methotrekseti na alopurinoli zisikatike, na mtu wa ngazi ya chini awe na njia ya kumtuma mgonjwa mwenye viungo vilivyovimba kwa daktari ndani ya wiki chache, isiwe mwakani. Kwenye kazi, tume zenu za ukaguzi zipime uzito wa mifuko na zitizame wodi za wagonjwa, wasiishie kuhesabu mitungi ya kuzimia moto.

Na nawaomba mjibu hadharani kama nilivyoandika hadharani, mseme ni vituo vingapi vina mtaalamu wa mazoezi tiba leo, na ni vingapi mmepanga viwe naye ikifika mwisho wa bajeti ijayo. Hizo namba mbili zikitoka nitazibandika kliniki wagonjwa wazisome, na mwaka ukiisha nitawaandikia tena kuziulizia.

Wenu katika kazi,
Mtaalamu wa mazoezi tiba